Kibao cha Jukwaa la Pili

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, alikuwa fundi wa vibao vya stesheni za treni ya mjini. Mishale, namba za majukwaa, ramani ukutani, na ile mistari ya buluu inayozunguka nguzo, vyote vilipita mikononi mwake. Watu walimwita Mzee Kibao, na walikuwa na sababu mbili: alitundika vibao mchana kutwa, na ukiichezea kazi yake alikuzaba kingine cha bure.

Mkono wake ulikuwa mwepesi mno. Mtu mmoja aliwahi kubandika tangazo la dawa ya nguvu za kiume juu ya ramani yake. Shemeji alimvuta kwa ukosi, akamgongesha uso kwenye ile ile ramani mpaka jino likang'oka, kisha akachukua kitambaa akafuta damu taratibu ili rangi isiharibike. Mimi sikumpenda. Nilimwambia dada mara nyingi kwamba ameolewa na rungu. Dada alicheka tu, kwa sababu nyumbani hakuwahi kumgusa hata kwa ukucha, na kwa sababu alijivunia ile kazi kupita kiasi. Tukishuka stesheni yoyote alinionyesha vibao kama mtu anayeonyesha watoto wake.

Stesheni yetu mpya ilifunguliwa mchana mmoja wa jua kali. Mimi nilikuwa nauza tiketi pale chini. Juu kulikuwa na ukumbi mrefu, na abiria wa majukwaa yote mawili waliingia humo, wa jukwaa la kwanza upande huu, wa jukwaa la pili upande wa pili, wakitazamana. Mwisho mmoja wa ukumbi ulikuwa na ngazi za kushuka barabarani, karibu na dirisha langu. Mwisho wa pili ulifungwa kwa geti la vyuma na kufuli, maana ngazi za huko zilikuwa bado hazijakamilika. Katikati kilining'inia kibao kikubwa chenye nyuso mbili, kila uso ukitazama jukwaa lake.

Kibao cha namna hiyo kina mtego wake, na kila fundi wa kazi hiyo anaujua. Mshale wa uso mmoja ukielekea kulia, wa uso wa nyuma lazima uelekee kushoto, la sivyo vibao viwili vinawatuma watu sehemu mbili tofauti. Shemeji alikuwa akifanya hivyo hata akisinzia.

Asubuhi ile alikuwa amemaliza uso wa jukwaa la kwanza, mshale kulia, aliposikia kishindo chini. Mpaka rangi mmoja alikuwa amegonga nguzo kwa ngazi yake na kuchana ule mstari wa buluu. Shemeji alishuka kama mzigo unaoanguka. Walitwangana mpaka kwenye dirisha langu, ndoo ya rangi ikamwagika, yule mpaka rangi akapasuliwa nyusi. Nilipiga kelele, hakuna aliyenisikiliza. Walipoamuliwa, shemeji alirudi juu akihema, akachukua stika iliyobaki na kuibandika uso wa pili. Mshale kulia. Akafunga mfuko wake wa vifaa, akashuka kunywa maji.

Mchana dada alikuja kumwona mumewe na kupanda treni ya kwanza. Alipanda jukwaa la pili pamoja na umati. Treni haikuja. Jua likawachoma, watu wakaanza kutukana, kisha mmoja akarusha chupa, na kioo cha kibanda cha mkuu wa stesheni kikashuka chote. Askari hawakuuliza nani karusha. Walipanda na virungu, wakapiga yeyote aliye mbele yao, mgongo, kichwa, mkono uliojikinga. Nilisikia rungu likitua juu ya mtu kutoka kule chini nilikokaa. Halafu bomu la machozi likalipuka na moshi ukajaa ukumbi.

Abiria wa jukwaa la kwanza walishuka kwangu mguu niponye, wengi wametapakaa damu. Wa jukwaa la pili sikuona hata mmoja. Shemeji alisimama kwenye ngazi akiangalia kila uso unaopita, akimtafuta dada. Ghafla tulisikia mayowe upande wa pili wa jengo, kule kwenye geti.

Tulikimbia kwa nje, tukapanda zile ngazi zisizokamilika, zilizojaa kokoto, hadi getini. Watu walikuwa wamebanwa kwenye vyuma, nyuso zimegeuka rangi, mikono imepenya inashika hewa, na nyuma yao wengine wanazidi kusukuma kwa sababu virungu vilikuwa nyuma yao. Dada alikuwa mbele kabisa, shavu limekandamizwa kwenye chuma, mdomo wazi bila sauti. Mlinzi wa geti alikuwa akilia tu. Ufunguo, alisema, uko kwa bosi wake. Shemeji alichukua nondo iliyolala kwenye kokoto akalipiga kufuli, akapiga, akapiga, na ngozi ya viganja ikamchunika, mpaka likaachia.

Walimwagika nje wakipandiana. Tulimvuta dada akiwa anapumua, mbavu zimevunjika na mkono wa kushoto umening'inia. Watu wawili hawakuinuka, mwanamke wa makamo na kijana aliyevaa sare ya hoteli.

Hapo shemeji akamgeukia mlinzi. Alimwangusha, akamkalia kifuani, akaanza kumtwanga usoni kwa ile mikono iliyochunika, sijui damu ipi ilikuwa ya nani. Nilimvuta shati likachanika. Nilidhani atamuua, na kusema kweli, kwa muda kidogo nilitaka amuue.

"Umewafungia watu," alikuwa akisema. "Umewafungia wafe."

Mlinzi alitema damu. "Mimi nimeambiwa nifunge, nimefunga. We muulize aliyewaambia waje huku."

Akanyoosha kidole kupitia geti lililo wazi. Moshi ulikuwa umepungua. Kibao kilikuwa pale katikati ya ukumbi, kizuri, hakina hata mkunjo, na kwa mtu anayeshuka jukwaa la pili mshale wake ulielekea moja kwa moja kwetu. Ngumi ya shemeji ilibaki juu. Kisha akainuka, akakaa kwenye kokoto.

Hospitali walimfunga dada bandeji kifua kizima. Alipoweza kusema, nilimuuliza kwa hasira ilikuwaje akakimbilia geti, wakati mwenyewe alipanda kwa ngazi za upande wangu.

"Moshi," alisema. "Sikujua tena nimetokea wapi. Watu wanazunguka tu, wanapigwa. Nikaona kibao. Nikawaambia nifuateni, hiki kakiweka mume wangu." Akavuta pumzi kwa shida. "Walitoka wote?"

Shemeji alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, mikono imefungwa vitambaa. Nilijua angeweza kunyamaza, na mimi ningemfichia, si kwa ajili yake.

"Wawili wamekufa," alisema. "Mshale niliukosea mimi, mke wangu. Nilitoka kupigana, nikarudi nikaubandika vibaya."

Dada akamwita kwa kidole, shemeji akasogea, na dada akampiga ngumi ya kifua kwa ule mkono mzima. Akampiga tena, shingoni, mdomoni. Kila pigo lilizitikisa mbavu zake mwenyewe, akawa anaguna kwa maumivu, na hakuacha. Nesi alikuja mbio, nikamzuia mlangoni. Shemeji alizidi kuinama, ili dada asipate tabu kumfikia.