Ukoo wa Chuma

Nilipokuwa mtoto Pujini, miaka michache kabla ya Mapinduzi, sikulipenda jina la ukoo wetu, Chuma. Kwenye chuo cha Kurani wenzangu walinitania: "Asha Chuma, usioge, utaota kutu." Nilijidai sijali, lakini kila nikiisha kuoga nilijifuta mara mbili.

Mama alipojifungua mdogo wangu Hamadi, Bibi aliweka kisu chini ya mto wa mtoto. Shetani hapasogelei penye chuma, alisema, na kisu kisiondoke mpaka arobaini ipite. Siku ya ishirini mimi na wenzangu tulikuwa tukicheza kupika kwa vifuu nyuma ya mikarafuu, nikakosa cha kukatia majani ya muhogo. Nikakichukua kile kisu. Nilidhani nitakirudisha kabla mtoto hajaamka.

Tulipika mchanga, tukapakuliana, mvua ikatukimbiza. Kisu nikakisahau. Nilipofika nyumbani Hamadi alikuwa akilia, mwili moto, na Bibi ameushika mto mkononi.

"Kiko wapi?"

"Nilikichukua kupikia, Bibi, nimekisahau kwenye mikarafuu."

Nikaangua kilio. Niliamini nimemuua mdogo wangu.

Bibi alimtuma mjomba akakitafute. Kisha akaniketisha kitandani, akaniwekea mtoto mapajani.

"Baba mkwe wangu alitanguliwa na ndugu watatu," alisema, "wote walikufa wachanga. Alipozaliwa yeye, mama yake alimpeleka kwa mhunzi, akamlaza juu ya fuawe, pale panapofuliwa vyuma. Mhunzi akasema: huyu si mtoto, ni chuma, mauti hayana haja naye. Basi akaitwa Chuma, akaishi mpaka meno yakamwisha. Sasa kisu hakipo. Chuma ni wewe. Usiondoke hapo."

"Na nikibanwa na mkojo?"

"Chuma hakikojoi, mjukuu wangu."

Nilikaa. Mvua ikapiga makuti, mimi nikabana miguu, mkono wangu juu ya kifua kile kidogo kilichopanda na kushuka. Kabla ya magharibi homa ilishuka. Mjomba akaingia na kisu chenye matope, nami nikatoka mbio kwenda uani, Bibi akicheka nyuma yangu.

Sijui kama shetani alifika mlangoni siku ile. Huenda lilikuwa joto la kawaida tu la mtoto, na Bibi akalijua. Ninachojua ni kwamba jina letu halikutokana na ubabe. Lilitoka kwa mwanamke aliyechoka kuzika, akaenda kuomba kwenye moto wa mhunzi. Bibi angeweza kunichapa, na nilistahili. Aliniachia mtoto.