Matanga ya Lugha za Kompyuta

Ujumbe wa kifo chake ulinikuta Manzese wiki kadhaa zilizopita, nimesimama mbele ya meza ya fundi simu nikisubiri kubadilishiwa kioo. Kioo kipya kilipowaka, cha kwanza kuonekana kilikuwa jina lake kwenye kundi la sisi tuliowahi kufanya kazi pamoja, na chini yake watu wameandika pole, pole, pole. Nikamwambia fundi kioo chake kibovu. "Kizima hicho, mzee wangu, ndiyo kwanza nakifungua," akasema. Nikalipa, nikaondoka.

Marehemu alikuwa mwandishi wa programu. Tulikuwa kampuni moja ya mizigo kule Temeke, mimi nikiandika barua na matangazo, yeye akijifungia kwenye chumba cha kompyuta chenye baridi. Lugha aliyoiandikia mashine ilikuwa COBOL, na aliijua kama mtu anavyoijua njia ya chooni kwake umeme ukikatika. Kisha wakubwa wakaamua mfumo wote uhamie lugha mpya, Visual Basic: atakayejifunza abaki, asiyetaka akabidhi funguo. Jamaa akagoma. Nyumba aliyokuwa akiijenga Madale ilikuwa imekwama kwenye lenta, haina paa, watoto wako shule, naye akajilaza nyumbani akidai ana malaria. Nikaenda kumwona. Mkewe, mwanamke wa Masasi asiyemung'unya maneno, akanipokea mlangoni. "Shemeji, huyu haumwi," akasema. "Huyu amefiwa."

Akamgeukia mumewe. "Baba watoto, mama yako alivyofariki ulilia, tukala pilau ya arobaini, tukaanua matanga, ukarudi kazini. Mama yako mzazi! Hicho kidude chako utakililia mpaka lini?" Jumamosi akapika pilau kweli, akaita na majirani. Mzee mmoja akaninong'oneza, marehemu alikuwa anasumbuliwa na nini? Nikamjibu, uzee. Tulipomaliza kula, mama mwenye nyumba akakusanya sahani, akasimama mlangoni na kutangaza: "Haya, matanga yameanuliwa. Kila mtu arudi kazini." Jumatatu jamaa yetu alikuwa wa kwanza kufika ofisini, kitabu cha Visual Basic kwapani na uso umemvimba kwa hasira.

Ikawa desturi ya nyumba ile. Visual Basic nayo ilipopitwa na wakati ikapikiwa pilau yake, kisha PHP iliyoifuata. Alipostaafu akajiandikisha darasa la Python huko Kinondoni, akafundishwa na binti rika la kitindamimba wake. Binti akimwamkia, "Shikamoo baba," yeye alikuwa akijibu, "Marahaba, mwalimu," na darasa zima likicheka. Mara ya mwisho tulipokutana nilimtania kwamba sasa mashine zinajiandikia programu zenyewe, kwa hiyo atafute ng'ombe mzima wa kuzika lugha zote kwa mpigo. Hakucheka. "Mie sijawahi kuililia lugha, bwana," akasema. "Namlilia yule bwana aliyekuwa anajua. Wewe unajua inavyouma, Ijumaa bingwa, Jumatatu mwanafunzi?"

Nimelitafakari sana neno lile. Mji huu umejaa wafiwa wa namna hiyo: mchora vibao kwa brashi aliyekuta kila duka limebandika bango la kuchapwa, msafisha picha aliyebaki na chumba chake cha giza. Tunawaita wabishi, au wavivu, na hakuna anayewapikia hata uji. Hata mimi, msomaji wangu. Mhariri amenitaka safu hii niwe naisoma kwa sauti, watu waisikilize kwenye simu zao. Nimekuwa nikijidai nina kikohozi.

Arobaini yake tuliifanya Madale, kwenye nyumba ile ile, iliyopauliwa zamani. Binti aliyemfundisha Python alikuwepo, akigawa maji ya kunawa. Tukala pilau. Mama akakusanya sahani kama kawaida yake, akasimama mlangoni, akasema, "Haya, matanga yameanuliwa." Sauti ikamkatika. Akajaribu tena, machozi yakamtoka, kisha akanitazama mimi. Nami nililia, sioni haya kusema. Nikainuka, nikalimalizia tangazo lake: "Kila mtu arudi kazini."

Aliyepoteza alichokuwa anakijua ana haki ya kulia, na ana haki ya kupikiwa. Lakini sahani zikishakusanywa, na ainuke. Mhariri wangu nimeshampigia. Nimemwambia kikohozi kimepona.