Sentensi Yangu Katika Simu ya Mdogo Wangu

Nilimwonea wivu mdogo wangu kwa sababu ya simu, na si kwamba mimi sina. Yake ilikuwa inajibonyeza yenyewe.

Alikuja nyumbani Lisekese kutoka Newala na kompyuta yake begani.

"Shikamoo kaka. Bado uko kwenye kiti?"

"Marahaba. Bado."

Nimekikalia tangu nimalize kidato cha nne, sibishi.

Alikuwa ametengeneza programu ya wakulima wa Makote, huko huko Newala: unaandika jina lako, unaona kama umo kwenye mgawo wa salfa ya kupulizia mikorosho. Kabla ya kuwapa watu anaijaribu. Zamani, alisema, maelezo ya namna mkulima anavyoitumia yalikaa kwenye daftari, na majaribio ya kwenye simu yalikaa kivyake, kwa lugha ya kompyuta. Sasa ameyaunganisha. Unaandika sentensi ya Kiswahili, na chini yake kuna msimbo unaoielekeza simu pa kubonyeza.

"Mama, ukitaka kujua kama salfa yako ipo, unafanyaje?"

Mama akasema, yeye akaandika: *Ikiwa mkulima ameandikishwa, akitafuta jina lake, basi alione.* Akaichomeka simu kwenye kompyuta, akailaza mkekani. Ikajifungua, herufi zikajichapa bila kidole cha mtu, kwenye kompyuta ikatokea alama ya kijani: jaribio limefaulu.

Mama akapiga vigelegele, akamwita na jirani aje aone. Zikaandikwa sentensi saba, zote kijani, na mimi hakuna aliyeniuliza kitu. Mara ya mwisho mama kunipigia vigelegele nadhani ni nilipoanza kutembea, na hata siku hiyo sikufika mbali.

Nikatafuta pa kumwaibisha.

"Andika na yangu."

"Kaka, hii kazi si ya kukaa tu."

"Andika! Ikiwa mama ameandikishwa, akitafuta jina analoitwa hapa kijijini, basi alione."

"Jina lipi?"

"Andika 'Mama', halafu weka jina langu."

Mimi ndiye kifungua mimba. Tangu nizaliwe watu humwita mama kwa jina langu. Lile la kwenye kitambulisho analijua karani wa zahanati, na ndilo mdogo wangu alilomwandikishia kwa majaribio.

Simu ikachapa jina langu, herufi moja moja, ikasita, ikaandika: *Jina halipo.* Nyekundu!

Nikangoja asononeke. Badala yake akanirukia na kunikumbatia kitini.

"Kaka! Akina mama wa Makote wangedhani wamenyimwa salfa! Siku zote hukuniambia kwa nini?"

"Uliniuliza?"

Hadi alasiri alikuwa ameongeza nafasi ya jina la pili. Akairudia sentensi yangu, ikawa kijani.

"Nani kaifundisha simu kuniita hivyo?" mama akauliza.

"Kaka."

"Huyu? Huyu si hatoki hapo!"

"Ndiyo maana anajua wapita njia wanakuitaje."

Mama akacheka, kisha akamgeukia jirani: "Huyu wangu wa Newala ana akili, jamani." Vigelegele sikuvisikia.

Mdogo wangu anasema kila akibadilisha kitu kwenye programu, majaribio yote yanaanza upya, na simu inaandika jina langu. Wivu ukapungua kidogo, mpaka nilipompigia kumwuliza sentensi yangu ni ya ngapi kwenye orodha.

Ya nane. Mimi, kifungua mimba!