Fundi wa Mapazia Anayefunika Kabichi

Saa moja asubuhi, mwanamke mwenye sindano iliyochomekwa kwenye ukosi wa blauzi anapiga magoti kando ya tuta. Anachomoa vijiti vilivyobana pindo la kitambaa cheupe, kimoja kimoja, bila haraka. Chini ya kitambaa hicho kuna kabichi arobaini ambazo hajazitazama kwa wiki tatu.

Hatua nne nyuma yake, juu ya ndoo iliyopinduliwa, amekaa mama mkwe wake, mikono kifuani. Shamba ni lake, na leo yeye ndiye mwamuzi.

"Shemeji!" anapaza sauti jirani mkulima wa vitunguu kutoka ng'ambo ya mfereji. "Bibi harusi ameamka humo ndani ya shela?"

"Ameamka, anasubiri zawadi!" anajibu mwanamke wa sindano bila kugeuka.

Mtaani wanamwita Mama Pazia. Kwa miaka kumi na minane alishona mapazia katika chumba cha mbele cha nyumba yake, cherehani ikiwa dirishani. Kisha maduka yakaleta mapazia yaliyokwisha kushonwa, na wateja wakaanza kupita wakimsalimia tu. Kuna mwezi aliopata kazi moja: kupunguza urefu wa pazia la bafuni.

Ndipo mama mkwe wake akampa nusu ya shamba lake, akamwambia alime mboga, wanawe wale, na zikizidi auze. Mume wake ni fundi uashi, hulala kule anakopata kibarua, kwa hiyo shamba lilibaki kuwa la wanawake hawa wawili.

Lakini mama mkwe alikuwa na mpango wake pia. Magoti yamechoka, na anataka eneo lote lirudi kuwa la mihogo.

"Mhogo unajilea," anasema kutoka kwenye ndoo yake. "Hauniombi maji kila jioni, wala haujawahi kunidai nguo. Nilimwambia, mwanangu, nakupa misimu mitatu. Ukishindwa, tusilaumiane."

Huu ni wa tatu.

Hakuna aliyemfundisha Mama Pazia kutandaza nyasi. Anasema ilianza na swali. Kando ya njia kulikuwa na rundo la nyasi kavu, na siku moja ya jua kali alilisogeza kwa mguu. Ardhi chini yake ilikuwa nyeusi, yenye unyevu, na minyoo ikakimbia mwanga. Hatua mbili tu kutoka hapo, shamba lake lilikuwa limepasuka.

"Nikajiuliza, hii ardhi si ni moja? Mbona huku inakunywa na kule inakufa kiu?"

Akabeba nyasi zote akazitandaza kwenye matuta. Hakujua kwamba zilikuwa zimekomaa na zimejaa mbegu.

"Wiki mbili baadaye nilikuwa na shamba zuri sana la nyasi," anasema. "Mboga zilikuwa wageni tu."

Hivyo ndivyo msimu wa kwanza ulivyokwenda. Sasa hukata nyasi kabla hazijachanua, akazianika, kisha akazitandaza kwa unene wa vidole vinne. Kuzunguka kila shina huacha nafasi ya vidole vitatu, kwa sababu amewahi kuzisogeza karibu mno na mashina yakaoza. Zamani alimwagia ndoo arobaini kwa siku. Siku hizi humwagia kumi na sita.

Kitambaa kilikuja msimu wa pili. Alikuwa na majora matatu ya kitambaa chepesi cha pazia, kile kinachopitisha mwanga na hewa, yakiliwa na vumbi chini ya kitanda. Aliona viwavi wakitoboa mboga zake, akawaza: nzi nimewazuia madirishani mwa watu miaka yote hii, kwa nini nishindwe na nondo, mama wa viwavi hawa?

Akakunja fito kuwa matao, akashona kitambaa chenye pindo pana la kubebea mchanga ili upepo usikiinue, akafunika matango. Yakastawi. Majani yalikuwa mapana, safi, bila tundu hata moja. Maua ya njano yakajaa.

Alivuna matango saba.

Jirani wa vitunguu ndiye aliyemfumbua macho. "Shemeji," alimwambia akiwa ameshika kiuno, "umemfungia nyuki mlango, halafu unamngojea mtoto?"

"Nilicheka mpaka machozi," anakumbuka. "Halafu nikalia kweli, maana msimu ulikuwa umekwisha."

Tangu siku hiyo, matango hufunikwa yakiwa machanga tu, na ua la kwanza likionekana kitambaa huondoka. Kabichi ni tofauti. Huvunwa kabla ya kutoa maua, kwa hiyo hazina shida na nyuki.

Kwa msimu huu wa mwisho, wakwe hawa wawili waliandaa mashindano. Matuta manne, kila moja kabichi arobaini. Mawili yalilimwa kwa mtindo wa mama, wazi, bila nyasi. Mawili yalitandazwa nyasi na kufunikwa. Wiki tatu za mwisho hakuna aliyeruhusiwa kufunua. Maji yalimwagwa juu ya kitambaa yakapenya.

"Nilitaka asiingie kuokota viwavi kwa mkono halafu aniambie ni kitambaa," mama mkwe anaeleza. Anayasema hayo kwa uso mkavu kabisa.

Kitambaa cha tuta la kwanza kinatoka. Mama Pazia anaziba mdomo.

Kabichi zimekaa kama mipira, majani ya nje yaking'aa, bila tone la tope kwa kuwa nyasi zilizuia mvua isirushe udongo. Mama mkwe anainuka, anazibonyeza moja moja kwa kidole gumba, anahesabu kwa sauti. Thelathini na saba nzuri.

"Haya," anasema. Ni neno moja tu, lakini jirani aliyevuka mfereji kuja kutazama anapiga makofi.

Wanakwenda kwenye matuta ya wazi. Moja lina ishirini na moja za kufaa, jingine ishirini na tatu. Nyingine zimetobolewa, nyingine zimepasuka kwa kiu ya leo na maji ya kesho.

Linabaki tuta la nne. Mama Pazia anafungua pindo, na safari hii hazibi mdomo.

Majani yamebaki nyavu. Viwavi wa kijani wananing'inia kila mahali, wanene, wametulia, kama waliolipa kodi ya nyumba. Mama mkwe anahesabu hata hivyo. Kumi na moja.

Hesabu si ngumu. Kabichi za kitambaa ni arobaini na nane. Za wazi ni arobaini na nne.

"Nne," anasema mama mkwe.

"Nne, mama."

"Kwa shughuli yote hiyo."

Jirani anaanza kusema kitu, kisha anakumbuka vitunguu vyake na kurudi alikotoka.

Mama Pazia hajitetei. Angeweza kusema kwamba nne ni ushindi, maana walikubaliana kuhesabu, si kupima. Badala yake anakaa chini kwenye udongo, anachuma jani lililoliwa na kulizungusha mkononi. "Nguo ni ileile, nyasi ni zilezile," anasema polepole. "Kwa nini hili?"

Huenda ni swali hilo lililomtoa mama mkwe mahali aliposimama. Anachuchumaa kwa taabu, mkono mmoja begani kwa mkwewe.

"Hili ulilifunika siku moja na lile?"

"Hapana. Kitambaa kiliniishia, nikawa naunga vipande. Lilikaa wazi siku tisa."

Bibi huyo, aliyelima miaka arobaini, anapindua jani na kuonyesha upande wa chini kwa ukucha. "Nondo hutaga hapa. Mayai madogo, ya njano, kama vumbi. Siku tisa zinamtosha. Wewe ukaja ukamfungia ndani na watoto wake. Kule kwangu nyigu wanaingia, ndege wanaingia, wanawapunguza. Humu nani angeingia?"

Mama Pazia anatazama jani, kisha anamtazama yeye. "Ulijua haya yote?"

"Nani asiyejua mayai ya nondo?"

"Mimi! Siku ile nafunika ulikuwa umekaa hapahapa, mama. Ulinitazama mpaka nikamaliza."

Mama mkwe anafuta mikono kwenye kanga yake, muda mrefu kuliko inavyohitajika.

"Hukuniuliza," anasema.

"Na wewe hukutaka kuulizwa."

Anayeanza kucheka ni mama mkwe, kwa sauti ya kukwaruza, mpaka anamshika mwenzake asianguke. Wote wawili wanaishia kukaa udongoni.

Mihogo itasubiri. Hilo anatamka mama mkwe mwenyewe akijikongoja kuinuka, kwa sharti moja: "Msimu mmoja zaidi. Lakini hufungi kitambaa mpaka niwe nimepindua kila jani."

Miche mipya itatoka kitaluni baada ya siku kumi na mbili. Mama Pazia anataka vitambaa vinne viwe tayari kabla mche wa kwanza haujagusa tuta, na ndoto yake ni kuvuna kabichi thelathini na tano kwa kila arobaini. Akifaulu, atashonea wakulima wengine. Cherehani bado iko dirishani.

Anachuma kabichi kubwa ya tuta la kwanza na kumkabidhi mama mkwe, lakini huyo ameshainama juu ya miche kitaluni kando ya matuta, anapindua jani kwa ukucha.

"Njoo uone hapa," anaita. "Umeanza na mayai mawili."