Mapigo Mia na Arobaini

Siku yangu ya kwanza kazini sikuruhusiwa kushika kitu. Nilikuwa nimetoka chuo cha uuguzi na ukunga, sare imepigwa pasi mpaka inakaribia kusimama yenyewe, nikaripoti kwenye zahanati moja huko Bugarama, wilaya ya Ngara, nikidhani nitapokewa kama mgeni rasmi. Muuguzi Mfawidhi, mama mfupi asiyecheka haraka, alisoma barua yangu ya kupangiwa kituo, akaikunja, akaniuliza kama naimba. Nikamjibu kwamba naimba kwaya, sauti ya pili, tangu nikiwa darasa la tano.

"Basi una sikio," akasema. "Leo mikono yako weka nyuma. Utasikiliza tu."

Wakati huo mashine za kusikilizia zilikuwa hazijatufikia. Tulikuwa na fetoskopu, kipembe kifupi cha bati au cha mti. Mdomo mpana unauweka tumboni kwa mama, sikio lako linaegemea upande mwembamba, na ukishaegemea unakiachia kabisa, kwa sababu kidole kikikigusa kinaleta kelele. Mkono mmoja unashika mapigo ya mama kwenye kifundo cha mkono, usije ukahesabu moyo wa mama ukadhani ni wa mwanawe. Mwingine unatulia juu ya tumbo kufuatilia uchungu unavyokuja na kuondoka. Macho yanabaki kwenye mshale wa sekunde, nawe unahesabu dakika nzima. Mapigo yakiwa kati ya mia na ishirini na mia na sitini, mtoto yu salama. Yakishuka, kuna shida.

Kwa wiki nzima sikusikia chochote zaidi ya tumbo la mama likinguruma. Siku ya nane nikasikia. Nilimwambia Muuguzi Mfawidhi kwamba ni kama mtu anatwanga nyumba ya tatu kutoka hapa. Akaniuliza kama huyo anayetwanga habadilishi mwendo. Nikasema anabadilisha, mara anaharakisha, mara anapunguza kidogo.

"Ndivyo inavyotakiwa," akasema. "Siku ukimwona habadilishi kabisa, rudi ukasikilize upya. Ama yeye ana shida, ama wewe."

Maneno hayo niliyaandika kwenye daftari, nikayapigia mstari, na nikayasahau siku niliyoyahitaji.

Kituo changu cha pili sitakitaja jina. Kilikuwa palepale Ngara, kimepakana na kigango, na kutoka dirisha la chumba cha kujifungulia hadi mlango wa kanisa hapakufika hatua thelathini. Nilijiunga na kwaya juma la kwanza. Niseme ukweli, niliipenda ile kwaya kuliko nilivyopenda chakula. Mganga Mfawidhi wetu, mzee mpole, alinitania kwamba nikiandika majina ya wagonjwa naandika kwa mdundo.

Jumamosi moja mchana, Pasaka ikikaribia, nilikuwa zamu na mazoezi yakawa yananipita. Aliletwa mama kijana, uzazi wake wa kwanza, uchungu umeshakolea. Nilimpima, nikamsikilizia mtoto: mia na thelathini na sita. Nikaweka nukta yangu kwenye patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu. Huko kanisani wakaanza wimbo mpya, wenye ngoma tamu ya kukimbia. Baada ya nusu saa nikasikiliza tena: mia na arobaini. Nusu saa nyingine: mia na arobaini. Ya tatu: mia na arobaini. Nukta zimenyooka kama tuta la maharage, nami nimefurahi.

Kisha mwalimu wa kwaya akawapumzisha. Pakawa kimya, na ndani ya kimya hicho nikaitazama chati. Nukta tatu mahali pamoja. Nikamkumbuka yule mama mfupi wa Bugarama. Nikainama na kipembe changu. Moyo wa mtoto ulikuwa haufiki mia, na kila uchungu ukipita, unachelewa kurudi. Niliyokuwa nimeyahesabu muda wote ule yalikuwa mapigo ya ngoma.

Nilimlaza mama ubavu wa kushoto, nikamwita Mganga Mfawidhi. Kichwa cha mtoto kilikuwa karibu, tukamhimiza mama asukume. Alizaliwa mtoto wa kike amelegea, kamba ya kitovu imemzunguka shingoni mara mbili. Tulimpulizia hewa kwa mpira na barakoa. Nilikuwa nakandamiza ule mpira huku nikimwomba Mungu anisamehe, mpaka hatimaye akalia. Kilio chenyewe kilikuwa chembamba, lakini alilia.

Mganga Mfawidhi aliniuliza zile nukta tatu zilitoka wapi. Nikamweleza. Akasema nisifute hata moja, na kesho yake niende nikaongee na mwalimu wa kwaya. Mama mwenyewe hatukumwambia. Alikuwa amelala, mtoto ananyonya, nami nikajiambia hakuna haja ya kumsumbua mtu mwenye furaha.

Mimi na mwalimu wa kwaya tulipatana hivi: nikiwa nasikilizia, natundika kitenge chekundu dirishani. Akikiona ananyanyua mkono, ngoma na sauti zinakoma, hata kama wapo katikati ya aleluya. Nikikiondoa wanaendelea walipoishia. Watu walizoea. Akina mama waliokuja kliniki walikifahamu kitenge kile, na watoto wakipita nje walikuwa wanashushiana sauti wenyewe.

Levina, ndilo jina alilopewa yule mtoto, alipofikisha miaka miwili mama yake alimleta kwangu. Alisema mtoto haitiki. Nilisimama nyuma yake nikapiga makofi. Hakugeuka. Nikagonga beseni la chuma kwa kijiko, wagonjwa wote barazani wakashtuka, yeye akaendelea kuchezea kifungo cha gauni lake. Huko hospitali daktari alisema huenda ni shida ya kuzaliwa, huenda ni dawa za malaria kali aliyougua akiwa mchanga, na kwamba haiwezekani kujua. Mama Levina alinishukuru kwa barua ya rufaa. Nilitaka kumwambia, nikaishia kumsindikiza hadi getini. Mwaka uliofuata nikahamishiwa Nyakisasa.

Huko Nyakisasa nilipanda cheo, na baadaye Runazi, wilaya ya Biharamulo, nikawa Muuguzi Mfawidhi mwenyewe. Kisubi, lugha ya huko, nilikijua nusunusu, ila uchungu hauhitaji mkalimani. Runazi ndipo tulipopata mashine ya kusikilizia, inayotoa sauti chumba kizima. Mara ya kwanza mama kusikia moyo wa mwanawe hucheka au hulia, na mimi nililia pamoja nao zaidi ya mara moja. Hata hivyo kila mwanafunzi wangu nilimfundisha kipembe kwanza, nikamkataza kuingia na simu inayoimba. Waliniita Bibi Kimya. Najua, nilikuwa nasikia.

Nilistaafu na ule mzigo. Ninyi mnaoanza kazi sasa mtafundishwa kwamba kosa huandikwa, hujadiliwa, faili hufungwa. Ni sawa. Mimi langu lilikuwa halijafika kwa mwenyewe, na kila Pasaka lilinirudia kanisani wakati wengine wanapiga vigelegele. Mwezi wa tatu wa kustaafu nikasema potelea mbali, nikaenda kwa Mama Levina.

Niliwakuta uani wakipura maharage. Levina, sasa mwanamke mwenye watoto wawili, alikuwa amenipa mgongo. Mama yake alinipa shikamoo, nikaitika marahaba, akaenda kumwita binti yake. Alimgonga begani kwa kidole: mbili za haraka, moja nzito, mbili za haraka. Levina akageuka.

Nilikaa chini kabla sijakaribishwa. Ulikuwa mdundo wa ule wimbo wa Pasaka.

Nikamweleza Mama Levina yote, kwa Kihangaza, lugha ya pale Ngara, bila kujitetea. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nesi, mimi nilijua," akasema. "Kidole chako kilikuwa kinapiga ngoma tumboni kwangu. Nilidhani unamwita mtoto aje. Ulipoanza kutundika kitenge ndipo nikaelewa."

Nikamuuliza mbona hakusema.

"Nilikukasirikia, tena sana. Ila mtoto hasikii, nami nilitaka kitu cha kumwitia. Nikachukua hicho cha kidole chako. Ndicho alichokuja nacho."

Nikafunika uso kwa mikono. Levina, ambaye muda wote alikuwa anatutazama midomo, aliweka fimbo yake chini akaja nyuma yangu. Nikahisi kidole begani: mbili za haraka, moja nzito, mbili za haraka.

Nikageuka.