Jina ambalo mama wa Ndola hakulitaja

Tangu Katanga ijiite nchi, mwanamke wa Ndola, ng'ambo ya mpaka, aliyeolewa hapa Elisabethville anahitaji kibali ili akae na mumewe. Juzi, ofisini, nikingoja zamu yangu, karani alimwuliza mmoja wao:

"Bwana yako anaitwa nani?"

Mama akapiga goti, macho chini. "Siwezi kusema, tata. Kwetu bibi hataji jina ya bwana yake."

"Bila jina, utarudia Ndola."

"Basi, nitarudia." Akakaza kitenge, akageukia mlango.

"Kuya hapa, mama!" Karani akacheka, akagonga muhuri. "Bibi ya uongo angelisema jina mbio."

Nilirudi nyumbani nikimsifu mama yule. Mke wangu akaniita toka jikoni kwa jina langu lote, mtaa mzima ukasikia. Nilimshukuru Mungu kwamba karani yule si jirani yetu.