Mbuzi wa Katekista

Papa Byamungu alifika Mushaki peke yake, akitokea misitu ya Walikale, akakuta kwamba parokia nzima hakuna mtu mwingine anayesema Kinyanga. Lugha nyingine zilikuwepo. Misa ilisomwa kwa Kiswahili, kwaya ya akina mama iliimba kwa Kinyarwanda, ya vijana kwa Kilingala, wazee walisali kwa Kihunde, matangazo yalitoka kwa Kifaransa, na Kilatini kilihifadhiwa kwa Pasaka kama sahani za wageni.

"Mungu iko na luga zote," alisema Padri Michel, mtu wa Kasai. "Kila muntu aungame mu luga yake."

Byamungu aliona amepewa zawadi. Majuzi tu alikuwa amemkuta mbuzi wa katekista kwenye maharage yake, akamchinja na kumla. Alipiga magoti, akaungama yote kwa Kinyanga. Padri Michel alitikisa kichwa kwa huruma, asielewe hata neno, akampa Salamu Maria tatu.

Siri haikukaa. Mama Kayitesi, mkubwa wa akina mama wa parokia, alimfuata shambani.

"Papa Byamungu, unifundishe kuungama mu Kinyanga."

"Zambi gani, mama?"

"Kama ningetaka uijue, ningeungama mu Swahili."

Byamungu hakuwahi kufundisha mtu. Alimpa sentensi pekee iliyokwisha kujaribiwa ikafaulu, ile ya mbuzi. Kesho yake akaja jirani, kisha mwalimu, kisha nusu ya kwaya. Wote aliwapa ile ile, nao wakamshukuru kwa jibini na viazi.

Wiki Takatifu, malaria ilimlaza Padri Michel, akaletwa Padri Athanase kumsaidia, kijana mpole mwenye miwani. Hakuna aliyemuuliza kwao ni wapi. Kwao ni Walikale.

Byamungu alikuwa mwisho wa foleni ya kuungama. Aliona kila anayetoka ana uso wa mtu aliyeulizwa swali akajibu "Amina" kwa kubahatisha. Mara mbili kibanda cha maungamo kilitikisika, na ndani mtu akakohoa sana. Zamu yake ilipofika, alianza.

"Baba," padri alimkatiza kwa Kinyanga safi, "niliyoyasikia leo siwezi kuyasema. Nauliza tu: mbuzi mmoja wa Mushaki hulisha watu wangapi?"

Jasho lilimtoka Byamungu. Kisha akasikia ni lugha ya mama yake inayomsuta, baada ya muda mrefu wa kuisema peke yake, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Padri alimwagiza amlipe katekista mbuzi mwingine, na awafundishe wanafunzi wake Baba Yetu, wajue kwanza wanachosema.

Mama Kayitesi alipoelezwa maana ya sentensi yake, alikuja na jembe mkononi.

"Umenifanya mwizi wa mbuzi mbele ya Mungu!"

"Mama, ulitaka padri asijue zambi yako. Alijua?"

Mama Kayitesi aliketi, akalilaza jembe chini. "Haya, anza."

Pentekoste wanafunzi wote walisimama mbele ya altare, wakasali Baba Yetu kwa Kinyanga, vibaya kabisa. Byamungu alivumilia mpaka kwenye mkate wa kila siku, kisha akapaza sauti kutoka nyuma ya kanisa:

"Murudilie!"

Wakarudia.